Gari la Zamani Huja na Sumu za Zamani

Mpenzi msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wale wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru au Kisumu, na huko nyumbani Kabianga, nyuma ya nyumba ya wazazi, kuna banda la mabati ambamo gari la zamani limelala. Pengine ni pikapu ya Peugeot 404 ambayo babu aliinunua kwa pesa za majani chai. Pengine ni Land Rover iliyouzwa na shamba kubwa ilipochoka, au Volkswagen ya mwalimu aliyestaafu. Kila Desemba ukienda nyumbani unafungua banda, unapangusa vumbi kwenye boneti na kujiambia: mwaka ujao ni lazima lingurume.

Azimio hilo ni jema, na makala ya wiki hii hayakusudii kulivunja. Tunachotaka ujue ni jambo moja ambalo fundi wa mtaani huenda asikwambie. Gari lililoundwa miaka 40 au 60 iliyopita liliundwa wakati ambapo risasi katika petroli na asbestosi katika breki vilikuwa vitu vya kawaida. Nchi nyingi zimeviacha, lakini gari lako bado linavibeba. Ukilifungua, unavifungulia navyo. Na wa kwanza kudhurika huenda asiwe wewe mwenye spana, bali mtoto anayecheza kando yako.

FAIDA ZA SHUGHULI HII

Wakazi wa Kericho wana haki ya kupenda magari ya kale. Joginder Singh, dereva maarufu wa mashindano ya Safari, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari wakiendesha Volvo PV544, kisha Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Colt Lancer. Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953. Peugeot 404, ambayo wengi wetu tulipanda tukiwa watoto, iliibuka mshindi mwaka 1963 na tena mara 3 mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Tangu mwaka 2003 magari ya enzi hizo yamekuwa yakirudi barabarani katika mashindano ya East African Safari Classic, na jijini Nairobi wenye magari ya kale hukutana kuyaonyesha katika Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong.

Kiafya, kufufua gari la zamani kuna manufaa yake. Mtu aliyeketi ofisini wiki nzima huinama, husimama, husukuma na kutumia vidole kwa ustadi. Akili hupumzika inapokuwa na tatizo moja tu la kutatua, kama vile kwa nini kabureta inavuja. Mzee aliyestaafu hupata sababu ya kuamka asubuhi, na kijana wake hupata sababu ya kuketi naye na kumsikiliza. Upweke na kukaa bure huwadhuru wazee wengi. Gari bovu lililo bandani linaweza kuwa dawa mojawapo.

Lakini kila dawa ina kipimo na masharti yake. Haya hapa masharti.

HATARI YA KWANZA: MOSHI NDANI YA BANDA

Kabianga na Kericho kwa jumla ni nchi ya mvua na baridi. Jioni mvua inaponyesha, mafundi huingia ndani, hufunga mlango, huwasha taa, na pengine huleta jiko la makaa ili wapate joto. Kisha mmoja anawasha injini ili asikilize mlio wake. Hapo ndipo kifo kinapokaribishwa.

Moshi wa injini ya petroli una gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikamana na hemoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi kile ambacho moyo na ubongo vinahitaji. Jiko la makaa nalo hutoa gesi hiyo hiyo, mbali na kuweza kuwasha mvuke wa petroli.

Gari la zamani ni hatari zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, halina kile kifaa kilicho kwenye bomba la moshi la magari ya kisasa ambacho hupunguza gesi hii kabla haijatoka. Pili, Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya nchi ya chini humwaga petroli nyingi mno kuliko hewa iliyopo, na petroli isiyoungua sawasawa huongeza kaboni monoksidi. Kwa hivyo, kabla ya kitu kingine, mwombe fundi airekebishe kabureta ifae nchi ya milimani. Utaokoa petroli na kupunguza sumu.

Dalili za sumu hii ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea viungo na kuchanganyikiwa. Wengi hudhani ni malaria au homa ya baridi, wakanywa dawa na kurudi bandani. Jiulize maswali haya 3: Je, kichwa kinaniuma nikiwa bandani na kupoa nikitoka nje? Je, mwenzangu tuliyekuwa naye anaumwa vilevile? Je, injini au jiko lilikuwa likiwaka? Ukijibu ndiyo, tokeni nje mara moja na msirudi.

Ukimkuta mtu ameanguka ndani ya banda, fungua milango yote kwanza na uite msaada. Mvute nje penye hewa safi haraka, bila wewe kukaa ndani. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa maana anahitaji kupewa oksijeni na kuchunguzwa. Mwanamke mjamzito asikae kabisa karibu na injini inayowaka ndani ya banda, kwa kuwa gesi hii humfikia mtoto aliye tumboni.

Kanuni ni nyepesi: injini huwashwa nje. Gari likiwa halisogei, lisukumeni. Kufungua dirisha au kuacha mlango wazi nusu hakutoshi.

HATARI YA PILI: RISASI

Kuanzia miaka ya 1920 risasi ilitiwa katika petroli ili injini isigonge. Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ya kawaida ilikuwa Aljeria, mwaka 2021, na tangazo hilo lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi.

Lakini gari lililotumika kabla ya hapo lina masalia. Masizi makavu ndani ya bomba la moshi na kwenye kichwa cha injini yanaweza kuwa na risasi. Rangi za zamani, hasa zile za manjano, nyekundu na kijani, mara nyingi zilichanganywa na risasi. Baadhi ya waundaji wa magari walitumia risasi kuziba viungo vya bodi kabla ya puti ya kisasa kuenea. Betri nayo ndani yake ni risasi na asidi.

Ukipiga msasa mkavu kwenye bodi, au ukikwangua masizi kwa brashi ya waya, vumbi la risasi huruka. Utalivuta puani, utalila ukishika mandazi kwa mikono michafu, na utalibeba kwenye ovaroli hadi sebuleni. Hapo ndipo mtoto hukutana nalo. Mtoto hutambaa chini, hulamba vidole, hukumbatia mguu wa baba. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wadogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima kutoka chanzo kilekile, na kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Mtoto hupungukiwa damu, huwa mzito wa kujifunza, hukosa utulivu darasani, na wazazi humlaumu mwalimu. Mtu mzima huweza kupata shinikizo la damu, kuumwa na tumbo, kufunga choo na kuharibika figo. Risasi hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba hutoka tena na kumfikia mtoto.

Wakenya wana mfano wa kukumbuka. Katika kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilileta sumu ya risasi kwa wakazi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Banda lako si kiwanda, lakini sumu ni ile ile. Usivunje betri kuukuu kutafuta risasi, wala usiiyeyushe nyumbani. Irudishe kwa muuzaji wa betri.

Fanya hivi: piga msasa wa maji, wala si mkavu, ili vumbi liwe tope. Tandaza karatasi ya nailoni chini, kisha uikunje na taka zake. Usifagie, bali pangusa kwa kitambaa kibichi. Vua ovaroli na viatu bandani, uzifue peke yake, wala si pamoja na nepi au sare za shule. Nawa mikono na uso kabla ya kula au kuvuta sigara. Usichome mbao, karatasi au matambara yenye rangi hiyo, na usimwage tope lake penye kuku au mboga.

Kuna wazee wanaosema injini ya zamani haiwezi kuishi bila risasi. Ni kweli kwamba viti vya valvu vya injini nyingi za zamani huliwa haraka na petroli ya kisasa zikikimbizwa sana. Tiba yake si kutafuta risasi ya kuchanganya. Mwombe fundi wa mashine aweke viti vya valvu vya chuma kigumu injini inapofunguliwa. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu.

HATARI YA TATU: VUMBI LA BREKI

Tazama fundi anapofungua gurudumu la gari kuukuu. Ndani ya dramu ya breki kuna vumbi jeusi. Fundi huchukua mpira wa kompresa na kulipuliza, au hugonga dramu chini, au hulipuliza kwa mdomo. Kitendo hicho cha sekunde 5 kinaweza kumletea ugonjwa baada ya miaka 30.

Breki, klachi na gasketi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, kwa kuwa haiungui. Nyuzi zake ni nyembamba mno hazionekani kwa macho. Zikiingia katika mapafu hazitoki. Aina zote za asbestosi husababisha saratani: ya mapafu, ya koo, na ile ya utando unaozunguka mapafu. Nyingine huyafanya mapafu kuwa magumu, mtu akahema kama aliyepanda mlima hali ameketi. Ugonjwa huchukua kati ya miaka 20 na 40 au zaidi kujitokeza, na ndiyo maana fundi husema, "Nimefanya hivi tangu ujana na sijaugua." Anayevuta sigara na kuvuta asbestosi hatari yake ya saratani ya mapafu huzidi maradufu ya kila kimoja kikiwa peke yake.

Huwezi kutambua kwa macho kama breki ina asbestosi. Kwa hivyo, chukulia kwamba kila breki kuukuu inayo. Lowesha dramu kwa maji yenye sabuni kabla ya kugusa. Pangusa kwa kitambaa kibichi, tia kitambaa hicho na breki kuukuu katika mfuko wa nailoni, funga, kisha utie katika mfuko wa pili. Usipulize, usikaushe, usipige tupa. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii nyuzi hizi. Unaponunua breki mpya, uliza zile zisizo na asbestosi, na ujihadhari na breki za zamani zilizokaa dukani miaka mingi, hata kama pakiti yake inavutia.

HATARI NYINGINE UNAZOZIDHARAU

Kunyonya petroli kwa mdomo. Kijana hutia mpira katika tangi na kunyonya. Tone dogo likipotea njia na kuingia mapafuni huleta uvimbe wa mapafu unaoweza kuua. Aliyemeza petroli asitapishwe hata kidogo, kwa maana ikirudi juu ndipo huingia mapafuni. Mpelekeni hospitali, hata kama anasema yuko salama, kwa kuwa kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Tumia pampu ya mkono. Na kamwe usiweke petroli, asidi au tina katika chupa ya soda. Mtoto hasomi, huona soda tu.

Jeki. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ukitaka kuingia chini ya gari, weka stendi za chuma kwenye udongo mgumu, tia vizuizi kwenye magurudumu, kisha ulitikise gari kabla ya kuingia. Mawe na matofali ya saruji hupasuka bila kuonya, na udongo mwekundu wa Kericho ukinyeshewa hudidimia.

Betri. Inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja au sigara. Vaa miwani ya kukinga macho. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, ndipo uende hospitali. Usianze safari kabla ya kuosha.

Rangi ya kupuliza. Rangi nyingi za kisasa zinazochanganywa na kigumisho huwa na isosayaneti, ambayo huweza kumletea pumu mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, na ikishampata, harufu kidogo tu humzuia kupumua. Barakoa ya karatasi haisaidii. Waachie kazi hiyo mafundi wenye chumba maalumu na vifaa vya kuwaletea hewa safi.

Oili chafu. Usiitumie kunawia mikono wala kupaka kidonda, kama wengine wafanyavyo. Ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka, huleta vipele na hata saratani ya ngozi. Vaa glavu. Nawa kwa sabuni, wala si kwa petroli.

Kutu. Ukichomwa na bati lenye kutu na udongo, osha kidonda na uulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda.

GARI LIKIRUDI BARABARANI

Siku itafika ambapo gari litanguruma, na kila mtu atataka kupanda. Hapo kumbuka kwamba gari hilo lilibuniwa kabla ya wengi kujali mikanda. Mkanda wa pointi 3 uliletwa na Volvo mwaka 1959, na PV544, aina ile ile aliyoshinda nayo Joginder, ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa nao. Magari mengine mengi yaliendelea kutoka kiwandani bila mkanda wowote. Mwombe fundi anayejua kazi afunge mikanda kwenye chuma imara cha bodi, wala si kwenye bati lililooza. Mzee wa klabu ya magari akikwambia mkanda unaharibu uasilia, mwambie kichwa chako nacho ni cha asili.

Tairi pia huzeeka zikiwa zimesimama. Tafuta ubavuni tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Iliyoandikwa 3512 ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012. Tairi iliyopita miaka 10 isiende barabarani hata kama meno yake bado ni marefu. Usiendeshe gari hilo usiku wenye ukungu kabla ya kupima taa na breki mchana, tena polepole.

KATA NA UBANDIKE MLANGONI PA BANDA

1. Injini huwashwa nje. Jiko haliingii bandani.
2. Msasa ni wa maji. Vumbi la breki hulowanishwa, halipulizwi.
3. Ovaroli na viatu hubaki hapa. Mikono huoshwa kabla ya chai.
4. Watoto na wajawazito hawaingii kazi ikiendelea.
5. Petroli hainyonywi kwa mdomo wala haiwekwi katika chupa ya soda.
6. Hakuna anayeingia chini ya gari bila stendi.
7. Betri kuukuu hurudishwa dukani.
8. Hakuna anayefanya kazi peke yake hadi usiku.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Katika gari la kale dhahabu hiyo imechanganyika na risasi, na ni wajibu wako kuzitenganisha. Kama umekuwa ukifanya kazi hii kwa miaka bila kinga, mweleze daktari wazi kwamba wewe hufungua breki na kupiga msasa rangi za zamani, ili ajue achunguze nini. Kama una mtoto aliyekuwa akicheza bandani, mtaje pia, na uulize kuhusu kupimwa damu. Kisha rudi bandani, fungua mlango wote, na uendelee na kazi yako.